Robert Koch na Ushahidi wa Simbilisi

Nilikwenda Kisii kumtazama mgonjwa. Sahibu yangu, ambaye tulikaa naye jamvi moja chuoni tukisoma alifu na bee, alihamia huko miaka mingi iliyopita, akaoa, akafungua duka la nguo mjini, na hivi sasa ni mmoja wa wazee wa msikiti. Habari ilinifikia kwamba amekohoa kwa miezi miwili, amekonda, na usiku hutoka jasho hata shuka likalowa. Sisi watu wa Pwani tunazijua dalili hizo, na tunaijua hofu yake. Kifua kikuu katika nyumba zetu lilikuwa neno la kunong'onezwa. Mgonjwa alitengewa kikombe na sahani, na posa za binti zake zilivunjika kimya kimya.

Asubuhi nilifuatana naye hadi hospitali, katika baridi ile ya vilima vya Kisii ambayo mtu aliyezoea upepo wa bahari haizoei upesi. Akapewa kikopo, akaenda nje penye hewa, akatoa kohozi. Binti wa maabara, Mgusii mwenye adabu ambaye kila mzee alimwita tata, yaani baba kwa lugha yao, akatuambia tungoje. Jibu lingepatikana siku ile ile, kwa kuwa mashine yenyewe hufanya kazi yake kwa muda usiofika saa mbili.

Tukakaa kwenye benchi. Sahibu yangu alikuwa akivuta uradi wake kimya, nami nikawa namfikiria mtu mmoja aliyekufa mwaka 1910. Lau si yeye, binti yule asingejua anatafuta kitu gani ndani ya kohozi. Na katika zama zake, na kwa miaka mingi baada yake, daktari aliyekuwa na shaka hakuiuliza mashine. Alimwuliza mnyama. Kohozi au mkojo wa mgonjwa ulidungwa katika paja la simbilisi, yule mnyama mdogo asiye na mkia ambaye baadhi ya watu wa bara humfuga kwa kitoweo. Watu wakangoja wiki sita hivi, kisha simbilisi akauawa na kupasuliwa. Wakikuta vinundu katika ini na bandama lake, basi mgonjwa naye anacho. Wiki sita! Mtu mwenye homa na watoto nyumbani, jibu lake limefungwa ndani ya tumbo la simbilisi.

Mtu niliyekuwa nikimfikiria ni Daktari Robert Koch, Mjerumani, na maisha yake yanatuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki kuliko wengi tunavyodhani.

JICHO LA NG'OMBE

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa machimbo katika milima ya Harz. Baba yake alikuwa ofisa wa migodi, na nyumba ilijaa watoto. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu mwaka 1866, akaoa mwaka uliofuata. Tamaa yake ya ujana ilikuwa kusafiri nchi za mbali, lakini rizki ilimpeleka kuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo umo katika nchi ya Poland. Husimuliwa kwamba mkewe Emmy ndiye aliyemnunulia hadubini, na mara akaupoteza mume wake kwa hadubini hiyo, maana kila alipomaliza kutibu wagonjwa alijifungia nayo.

Katika wilaya ile kimeta kilikuwa kikiua kondoo na ng'ombe. Koch hakuwa na maabara wala msaidizi. Alichukua damu ya mnyama aliyekufa, akampaka panya kwa kijiti kilichochongwa, na panya akafa kwa ugonjwa ule ule. Lakini hilo halikumtosha. Alitaka kukiona kijidudu chenyewe kikiishi na kukua nje ya mwili, mbali na damu. Basi akachukua maji safi yaliyomo ndani ya jicho la ng'ombe aliyekwisha chinjwa, akaweka tone moja juu ya kioo, akatia humo kijidudu, akalipasha joto, akachungulia. Akaviona vijidudu vikirefuka, vikifungamana kama nyuzi, kisha vikifanya mbegu ngumu zinazoweza kukaa ardhini miaka na miaka. Hapo ndipo ilipofahamika kwa nini kimeta hurudi katika malisho yale yale. Mwaka 1876 aliwaonyesha wakubwa wa elimu hiyo katika mji wa Breslau, na jina lake likatoka.

Namwomba msomaji alishike tone lile la jicho la ng'ombe, maana ndilo shina la hadithi yangu. Tangu siku ile kulikuwa na njia mbili katika kazi ya Koch. Moja ni kumtia mnyama ugonjwa na kungoja aonyeshe. Ya pili ni kuutoa ugonjwa mwilini na kuulea katika chombo, ambako hapana anayeumia. Alizitumia zote mbili maisha yake yote, na kila moja ilimlipa kwa namna yake.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin. Huko akatafuta chakula kigumu cha kuoteshea vijidudu, ili kila aina ikae peke yake isichanganyike na nyingine. Akajaribu vipande vya viazi, akajaribu jelatini, lakini jelatini huyeyuka kwenye joto. Ni mwanamke, Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, aliyetoa shauri la kutumia agari, uteuzi ambao aliujua jikoni kwa kugandishia vyakula vitamu. Agari hutokana na mwani wa baharini. Si aina ile wanayolima akina mama wa Unguja na Pemba, lakini ni ndugu yake. Mpaka leo sahani ya agari hutumika katika maabara za kuoteshea vijidudu.

Tarehe 24 Machi 1882, mbele ya wataalamu wa Berlin, Koch alitangaza kuwa amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Wakati huo ilikadiriwa kwamba katika kila vifo saba vya wanadamu, kimoja ni cha ugonjwa huo, na wengi waliamini ni maradhi ya kurithi. Koch alikitia kijidudu rangi kikaonekana, akakiotesha katika ute wa damu uliogandishwa, kisha akawadunga simbilisi nao wakaugua. Ushahidi ulikamilika. Ndiyo sababu tarehe hiyo imefanywa kuwa siku ya kifua kikuu duniani.

Mwaka uliofuata alipelekwa Misri, kisha Calcutta, kutafuta chanzo cha kipindupindu. Hapa mnyama alikataa kusema. Koch alisafiri na panya wake kutoka Berlin, akajaribu na wanyama wengine, wala hakuna aliyepata kipindupindu. Hata hivyo alikikuta kijidudu kilichopindika kama mkato katika matumbo ya wagonjwa, tena akakikuta katika maji ya birika walilokuwa wakichota watu. Akatoa hukumu yake bila ushahidi wa mnyama, na hukumu ilikuwa sahihi. Laiti angalilikumbuka somo hilo miaka sita baadaye.

SIMBILISI ALIPODANGANYA

Mwaka 1890 Koch alikuwa mtu mashuhuri kuliko daktari yeyote wa Ujerumani. Serikali ilitaka ushindi, na yeye alikuwa na kitu mkononi. Alitengeneza maji kutokana na vijidudu vya kifua kikuu, ambayo baadaye yaliitwa tuberkulini. Alipowadunga simbilisi wagonjwa, aliona ugonjwa wao umesita. Mwezi wa Agosti, katika mkutano mkuu wa madaktari mjini Berlin, akadokeza kwamba dawa imepatikana, na Novemba ikaanza kutumika kwa watu. Kilichomo ndani ya dawa alikificha.

Wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka kila upande, wengine wakiwa mahututi. Walichomwa sindano, wakapatwa na homa kali. Baadhi yao walikufa. Mwanzoni mwa mwaka 1891, Rudolf Virchow, mpasuaji maiti aliyekuwa mpinzani wa Koch, alionyesha kwamba katika miili ya waliokufa ugonjwa ulikuwa umeenea badala ya kupungua.

Kosa lilikuwa wapi? Koch mwenyewe alikuwa ameliona na hakulitilia maanani. Simbilisi mzima aliweza kustahimili sentimita mbili za ujazo za dawa ile na zaidi bila ya kudhurika, ilhali Koch alipojidunga robo ya sentimita moja tu alipatwa na kikohozi, baridi na homa kali. Mwili wa mnyama mdogo na mwili wa mtu hazikuwa mizani moja. Simbilisi alikuwa shahidi mwema wa kusema ugonjwa huu upo au haupo. Alipoulizwa kama dawa itamponya mwanadamu, ushahidi wake haukufaa.

Koch aliondoka akaenda Misri kupumzisha jina lake. Haikupotea yote, kwa kuwa tuberkulini baadaye iligeuzwa kuwa kipimo: tone chini ya ngozi ya mkono, ngozi ikivimba ni dalili kuwa kijidudu kimeingia mwilini. Watoto wetu wengi wamepimwa hivyo.

KOCH KATIKA NCHI ZETU

Sasa tuje kwetu. Mwishoni mwa mwaka 1896 Koch alikwenda Kimberley, Afrika ya Kusini, kwa ajili ya sotoka. Tauni hiyo ya ng'ombe ilikuwa imeshuka Afrika nzima, ikafilisi Wamasai, na wafugaji wa Nyanza nao haikuwaacha. Koch alipata kinga kwa nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka. Ilisaidia, lakini ilimaanisha ng'ombe afe ndipo wengine wachanjwe. Kutoka huko alipitia Bombay, na mwaka 1897 akashuka Dar es Salaam, akawa anapima damu za watu wenye homa kwa hadubini kutafuta malaria.

Akarudi tena. Mwaka 1905 akiwa katika Tanganyika ya Wajerumani alichunguza homa ya papasi, wale kupe wa nyumba za udongo wanaouma usiku, akaona kwamba kijidudu hupita kutoka kwa papasi mama hadi katika mayai yake. Desemba mwaka huo huo akapewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Halafu ikaja Sese. Ukishuka kutoka Kisii kwa njia ya Rongo hadi Homa Bay unalikuta Ziwa Victoria, na ng'ambo yake ya kaskazini magharibi, upande wa Uganda, ndiko viliko visiwa vya Sese. Tangu mwaka 1900 malale yaliangamiza watu wa mwambao wa ziwa hilo, zaidi ya watu 200,000 katika Uganda peke yake. Wazee wa Nyanza ya Kusini wanalijua jambo hili, maana bonde la Lambwe, lisilo mbali sana na Kisii, lilikuwa na mbung'o na malale hata katika miaka ya 1980.

Koch alipiga kambi Sese mwaka 1906 akakaa hadi 1907, mwaka ule ule ambao Waingereza walifungua kituo chao pale Getembe, ndiyo Kisii ya leo. Mkononi alikuwa na atoksili, dawa yenye sumu ya aseniki, ambayo mwaka 1905 huko Liverpool ilionekana kusafisha damu ya wanyama waliotiwa malale. Wagonjwa walifika kwa mamia kisha kwa zaidi ya elfu, wengi kwa miguu yao, kwa tamaa ya kupona. Mwanzoni walipata nafuu. Nafuu ilipokatika, Koch akaongeza kipimo. Sindano ikawa ya maumivu makali, wengine wakatoroka. Na katika waliobaki, watu zaidi ya ishirini walipofuka macho, upofu usioponyeka. Hapo ndipo akarudi kwenye kipimo kidogo.

Nimelitafakari sana jambo hili. Wa Berlin walipodhurika, alitokea Virchow akapasua maiti na kusema hadharani. Wa Sese hawakuwa na Virchow wao. Majina yao hayakuandikwa katika vitabu tunavyovisoma. Walikuja kutibiwa, wala hawakuwa na njia ya kujua kuwa kipimo kinachoongezwa ni cha kujaribia. Panya wa Liverpool hakuweza kueleza habari ya mshipa wa jicho la mwanadamu, na mahali alipokomea panya, akaendelezwa mtu mweusi wa kisiwani.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba habari ya kuwaonea huruma wanyama wa maabara ni anasa ya Wazungu, mimi humpinga kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya dini. Tumefunzwa tangu chuoni habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfunga hata akafa njaa, na ya mtu aliyesamehewa kwa mbwa mwenye kiu aliyemnywesha, na tumekatazwa kumfanya kiumbe hai shabaha. Dharura inaweza kuhalalisha jambo, lakini dharura ikiondoka, ruhusa nayo huondoka. Ya pili ni ya maslahi yetu wenyewe. Pale ambapo mnyama ni shahidi dhaifu, anayelipa ni maskini wa mwisho katika safu.

CHUPA BADALA YA MNYAMA

Njia ya pili ya Koch, ile ya tone la jicho la ng'ombe, haikufa naye. Hapa hapa Kenya ilizaa tunda kubwa. Zamani chanjo ya sotoka iliyotengenezwa Kabete ilitokana na mbuzi walioambukizwa na kuchinjwa. Katika miaka ya 1950 na kuingia 1960, daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake, pale Muguga, waliikuza virusi ya sotoka ndani ya chupa, juu ya seli za figo za ng'ombe. Chanjo ikawa safi, salama, ya bei nafuu, na kinga ya ng'ombe ikaweza kupimwa kwenye chupa bila kumtia mnyama ugonjwa. Mgonjwa wa mwisho kuonekana duniani alikuwa katika mbuga ya Meru mwaka 2001, na mwaka 2011 ikatangazwa kuwa sotoka imefutika.

Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliandika kanuni tatu ambazo wataalamu wanazifuata hadi leo: pale panapowezekana mnyama abadilishwe kwa njia nyingine, akihitajika wapunguzwe idadi, na anayetumiwa apunguziwe maumivu. Marekani mwishoni mwa mwaka 2022 ilibadili sheria yake, ikawa dawa mpya haishurutishwi tena ijaribiwe kwa wanyama ikiwa kuna njia nyingine ya kuthibitisha usalama wake, kama vile seli za binadamu zilizooteshwa katika vyombo vidogo. Sisemi kwamba simbilisi na panya wameachwa huru. Dawa mpya za kifua kikuu bado hupitia kwa panya. Lakini katika kupima ugonjwa, simbilisi amekwisha pumzika. Alipokelewa na chakula cha mayai cha kuoteshea vijidudu, na tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapendekeza mashine iitwayo GeneXpert, inayotafuta alama ya asili ya kijidudu chenyewe ndani ya kohozi, na papo hapo ikasema kama kinaisikia dawa kuu au kimekuwa sugu.

Koch alikufa Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin katika taasisi inayobeba jina lake. Tukimpima kwa haki, tutasema ni mtu aliyeokoa mamilioni kwa subira yake na aliyedhuru watu kwa haraka yake. Alipoangalia kwa makini hakukosea sana. Alipoharakishwa na sifa na serikali, aliruka kutoka kwa mnyama hadi kwa mtu, akaanguka, na wengine wakaumia.

Adhuhuri ilipokaribia, binti wa maabara akatuita. Sahibu yangu ana kifua kikuu, lakini si kile sugu. Dawa zake ni za miezi sita na hazina malipo. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama ni lazima watu wa msikitini wajue. Nikamwambia wa nyumbani wajue kwanza, wapate kupimwa nao. Njiani nikamsimulia habari ya simbilisi na wiki zake sita. Akasema basi yeye amepunguziwa mengi, na tukaingia msikitini kuswali.

Nawe msomaji, kama una kikohozi kilichopita wiki mbili, usikifiche. Wako waliopofuka na wako waliochinjwa ili elimu hii ikufikie kwa saa mbili. Kukaa nayo bila kuitumia ni kuwadhulumu.